Ardhi Haiuzwi na Asiye Mwenyewe: Khabari ya Mlima Meru na Mipaka Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika baraza ya tawi)





Kamati ya tawi imenitaka niseme machache juu ya ardhi, na imeniachia mwenyewe nichague niingilie mlango gani. Mimi ni muuza duka. Si wakili wala si mpima ardhi. Elimu niliyo nayo ni ile ya chuoni, ya msahafu na vitabu vidogo vya fikihi, na ile ya nyuma ya meza ya duka, penye mizani na daftari la madeni. Nimechagua kukusimulieni mambo yaliyopita mbali na kisiwa chetu, huko bara, katika nchi ya Arusha na mlima Meru, kwa sababu huko yaonekana wazi kabisa namna nchi ya watu inavyoweza kuuzwa na wasio wenyewe, ikapimwa na wasioijua, kisha wenyewe wakaambiwa kuwa wao ndio waliovamia.

Msiseme, "Arusha ni mbali, yatuhusu nini?" Karatasi ya kwanza iliyoiweka Meru mikononi mwa wageni ilipita hapa hapa Zanzibar, na Sultani wetu wa wakati ule aliipinga. Khabari hii ni yao, na ni yetu pia.

SHARTI ZA MAUZO

Kila aliyekaa chuoni anajua kuwa mauzo yana sharti zake. Muuzaji awe ndiye mwenye mali, au awe na idhini ya mwenye mali. Kinachouzwa kiwe kinajulikana, kwa kuonwa au kwa sifa na kipimo. Kiwe ni kitu kinachoweza kukabidhiwa. Na wawili hao, auzaye na anunuaye, wawe na ridhaa, mmoja aseme nimekuuzia na wa pili aseme nimekubali, kwa maneno ambayo wote wawili wanayafahamu. Sharti moja ikikosekana, hapana mauzo, hata kama fedha zimehesabiwa na mikono imepeanwa.

Mtu auzaye mali ya mwenziwe bila ya idhini, wanavyuoni wamempa jina: fudhuli. Na mali iliyochukuliwa kwa nguvu ina jina lake vile vile: ghasbu. Hukumu ya ghasbu ni nzito, kwa kuwa haisafiki kwa kuuzwa tena. Aliyenyang'anya akimuuzia wa pili, na wa pili akamuuzia wa tatu, mali ile ingali ni ya mwenyewe wa kwanza, na mkono wowote iliomo unadaiwa kuirejesha. Nakuombeni muiweke kanuni hii katika fikra zenu mpaka mwisho wa hotuba.

Tena tazameni hati za mashamba waliyotuachia wazee wetu. Hati haisemi tu kuwa shamba lina ekari kadha. Inasema: kibla limepakana na shamba la fulani bin fulani, suheli limepakana na fulani, matlai na fulani, magharibi na njia ipitayo watu. Mpaka katika hati zile ni mtu, tena mtu anayejulikana jina lake na la baba yake, ambaye siku ya ugomvi ataitwa asimame aseme, "Naam, hapa ndipo." Wazee wetu hawakuwa wajinga wa kupima. Walijua kwamba jiwe laweza kuhamishwa usiku, lakini jirani wanne hawahamishiki kwa usiku mmoja.

NCHI ILIVYOKUWA

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mji wa Arusha umekaa chini yake upande wa kusini na magharibi. Katika karne ya kumi na tisa, mteremko wa kusini na mashariki ulikuwa umekaliwa na Wameru, watu wa migomba na ng'ombe. Upande wa kusini na magharibi wakakaa Waarusha, wasemao lugha ya Kimasai lakini ni wakulima. Hawa walifika hapo katika nusu ya kwanza ya karne ile, wakitokea Arusha Chini.

Ardhi yao ilikuwa na utaratibu. Mtu wa kwanza kufyeka msitu akapanda migomba alipata kihamba chake. Wanawe wakiongezeka walifyeka pembeni au juu zaidi. Mpaka wa kihamba ulikuwa ni mfereji, au kijito, au mstari wa masale yaliyopandwa kwa mkono, na masale kwa watu wa milima ile ni mti wa heshima. Ndani ya kihamba mna nyumba, na ndani yake wamezikwa wazee. Chini ya migomba, kwenye tambarare, palikuwa na malisho ya wakati wa mvua, palikuwa na magadi ya ng'ombe, na palikuwa na mito inayotoka mlimani kama Ngare Nanyuki, ambao jina lake kwa Kimasai ni maji mekundu.

Nataka mlishike jambo hili la tambarare. Mgeni akipita wakati wa kiangazi haoni nyumba wala shamba; anaona majani makavu tu. Yeye atasema: hapa hapana mwenyewe. Ni sawa na mtu apitaye pwani maji yamejaa akasema kuwa mwani ule hauna mwenyewe na dago lile halina wavuvi. Mali ya watu si lazima ionekane ikitumika kila siku ndipo iwe mali yao.

KARATASI ZA MWAKA 1884

Sasa njooni tuwatazame wanunuzi.

Mwaka 1884 Mwingereza mmoja, Harry Johnston, alikwenda Kilimanjaro kwa jina la uchunguzi wa elimu, kutazama mimea na wanyama. Alipokuwa huko alifanya mapatano na wazee wa Taveta juu ya ardhi, na haki ile iliyoandikwa katika karatasi baadaye ikapewa wafanyabiashara wa Manchester, na ni miongoni mwa mambo yaliyozaa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888. Mtu kaondoka kwao kukusanya majani na wadudu, na kumbe ndani ya mkoba mna hati ya nchi.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1884 alishuka hapa Unguja Mjerumani Carl Peters na wenziwe, wakavuka bara. Kwa muda wa wiki chache tu walipata mikataba katika Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Mikataba ile iliandikwa kwa Kijerumani, na machifu walitia alama ya msalaba. Maneno yake yalisema kwamba chifu anatoa nchi yake na haki zake zote kwa chama cha Wajerumani, milele na milele. Ndugu zangu, iko wapi hapo kauli ya kuuza na kauli ya kukubali wanazofahamiana wawili? Mimi dukani kwangu siwezi kumdai mtu deni la kibaba cha mchele kwa karatasi asiyoijua lugha yake. Hawa waliidai nchi.

Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuzilinda karatasi zile. Seyyid Barghash bin Said alipopata khabari alilalamika kwa maandishi, akasema nchi zile zimo katika himaya yake. Akamtuma Lloyd Mathews, mkuu wa askari wake, kwenda Kilimanjaro, na machifu wa Uchaga, akiwamo Rindi wa Moshi ambaye wageni walimwita Mandara, wakapokea bendera ya Sultani. Haukupita muda, akafika Karl Jühlke, mwenziwe Peters, na yeye akapata mkataba wake kwa Rindi yule yule.

Hapa wako wanaocheka wakasema: chifu gani huyu, auzaye kitu kimoja kwa watu wawili? Mimi nasema tusicheke, tufikiri. Mtu mwenye akili, aliyetawala watu na kuwashinda maadui zake, haiuzi nchi yake mara mbili kwa wiki chache. Aliyopokea kila mara aliyapokea kuwa ni urafiki, na alizozitoa kila mara alizitoa kuwa ni heshima ya mgeni. Mauzo yalikuwa katika karatasi ya mgeni peke yake.

Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wa Unguja, na Sultani akalazimika kukubali. Baadaye ikaundwa tume ya kupima mipaka ya nchi yake, yenye wajumbe watatu: wa Uingereza, wa Ujerumani na wa Ufaransa. Mwenye nchi hakuwa mmoja wa watatu hao. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikapatana kwamba Sultani ana visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na bara iliyobaki wakaigawa wao wawili kwa mstari.

MSTARI NA MPIMA WAKE

Mstari ule ulianzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaenda Ziwa Jipe, ukaizunguka Taveta, ukapita chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukanyooka mpaka Ziwa Victoria kwenye nyuzi 1 kusini ya Ikweta. Mtu akitazama ramani leo anauliza: mbona mstari umepinda pale mlimani? Watu wamezoea kujibu kuwa Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hiyo ni hadithi ya kuchekeshea watoto. Mstari ulipinda kwa sababu ya karatasi. Waingereza walishikilia karatasi ya Johnston ya Taveta, na Wajerumani walishikilia karatasi ya Jühlke ya Uchaga. Kila mmoja akabaki na alichodai kuwa amenunua, na mpaka ukapita katikati ya madai mawili.

Na nani alipelekwa kuupima mpaka ule juu ya ardhi yenyewe? Mwaka 1892 kutoka pwani mpaka Kilimanjaro walikwenda mabwana wawili: kwa Uingereza, Smith, aliyekuwa balozi wao mdogo hapa, na kwa Ujerumani, Carl Peters yule yule. Aliyeziandika hati ndiye aliyekuja kuweka alama za mpaka. Nyinyi mnajua wenyewe: duka ambalo mwenye duka ndiye apimaye, ndiye ahesabuye, na ndiye aamuaye kama mizani ni sawa, mteja hutoka na kikapu chepesi. Huyu Peters, Wajerumani wenyewe katika mahakama ya nidhamu mwaka 1897 walimfukuza kazi kwa ukatili alioufanya huko Kilimanjaro. Yeye wakamfukuza, lakini mipaka aliyoiweka wakaishika.

Mlima Meru mstari ule hauugusi. Umepita mbali nao. Lakini kwa kupita kule, Meru yote, na watu wake na ng'ombe wake na makaburi yake, ikawa upande wa Wajerumani, ilhali hawakuwa na boma wala askari mmoja aliyekaa pale.

"ARDHI ISIYO NA MWENYEWE"

Tunafika sasa kwenye karatasi iliyo kubwa kuliko zote. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitolewa amri ya Kaisari kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya taji. Iliachwa nafasi: mtu binafsi, au chifu, au jamii ya wenyeji, wakiweza kuthibitisha haki yao, basi haki hiyo itaheshimiwa. Ukiisoma haraka waweza kusema ni amri ya haki. Isome tena polepole. Mzigo wa ushahidi umetwikwa mwenye mali. Katika fikihi yetu anayedai ndiye aletaye ushahidi, na aliyekalia kitu chake hahitaji kuleta chochote mpaka mdai athibitishe. Amri ile iliyageuza mambo: mgeni akawa mwenyewe, na mwenyewe akawa mdai. Na ushahidi uliotakiwa ulikuwa wa aina gani? Mzee wa Meru angeleta masale yake na makaburi ya babu zake; hakimu alitaka karatasi.

Amri ile iliandikwa miezi kumi na moja kabla ya siku mbaya ya Akeri. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Meru kutafuta mahali pa kujenga, wakapiga kambi Akeri, wakauawa usiku na vijana wa vita. Waliouawa walikuwa wageni waliokuja na vitabu, na hatufurahii damu yao. Lakini kisasi kilichofuata kilipita mpaka. Kapteni Kurt Johannes alikuja na askari pamoja na wapiganaji wa Kichaga, wakaua watu wengi, wakachoma nyumba na migomba, wakachukua ng'ombe kwa maelfu. Ikajengwa boma katika Arusha, kazi iliyoanza 1899 kwa nguvu za wenyeji waliolazimishwa. Boma hilo leo ni nyumba ya makumbusho, na mwenye kwenda Arusha aweza kuliona. Mwezi wa Machi 1900, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na wakuu wengine, na miongoni mwa walionyongwa mwaka ule alikuwamo Mangi Lobulu wa Meru.

Watu wakiwa katika hali hiyo, wamepoteza wakuu wao na mifugo yao, ndipo alipokuja mpima na mnyororo. Juu ya mlima pakatangazwa kuwa ni msitu wa Serikali. Chini, kwenye tambarare na kando ya mito, yakakatwa mashamba ya walowezi: Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, na Wajerumani, wengine wakiwa wamehama kutoka Urusi. Wenyeji wakabaki katikati kama nafaka baina ya mawe mawili ya kusagia. Kila shamba likapewa namba. Mahali palipokuwa na jina la mto au la ukoo pakawa ni shamba namba kadha wa kadha, hekta kadha wa kadha. Hesabu ya hekta haikuwa ya uwongo, na mnyororo ulikuwa sawa. Mpima aweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, akapima sawasawa mali isiyo ya aliyemtuma. Usahihi wa kipimo hauleti haki ya kumiliki.

KUTOKA MKONO HADI MKONO

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Wajerumani walishindwa, na Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza kwa amana ya mataifa. Hapo palikuwa na nafasi ya kuuliza: shamba hili la adui lilitoka wapi kabla ya adui? Halikuulizwa. Mashamba ya Wajerumani yalikusanywa kuwa mali ya adui, yakauzwa tena kwa walowezi wengine. Na sheria ya ardhi ya 1923 ikasema kuwa ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Ndiyo maana nilikuombeni muishike ile hukumu ya ghasbu. Bei ya pili ilisimama juu ya bei ya kwanza, na bei ya kwanza haikuwa na muuzaji.

Baada ya vita vya pili, jaji Mark Wilson aliwekwa kuwa tume ya peke yake kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatoka mwaka 1947. Alikiri kuwa wenyeji wamebanwa. Lakini pamoja na hayo alitaka ardhi baina ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya, ili walowezi wa kufuga ng'ombe wawe na eneo moja lisilokatika, na Wameru waliokaa Ngare Nanyuki wahamishiwe Kingori. Kwa lugha ya ofisi mambo haya huitwa kunyoosha mipaka. Mashamba namba 31 na 328, yaliyokaliwa na Wameru kwa kulima na kufuga, yakawa yamo katika njia ya mstari huo ulionyooshwa.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari walifika Ngare Nanyuki. Watu wapatao 3,000 walitolewa majumbani mwao. Nyumba zikachomwa, kanisa lao likavunjwa, mifugo mingi ikafa njiani. Wengi walikataa kwenda Kingori, wakapanda mlimani wakajibana kwa jamaa zao.

Lakini hawakuinua mikuki. Walichangishana fedha nyumba kwa nyumba, wakamchagua kijana wao Kirilo Japhet, na wakamshika wakili Earle Seaton, mtu mweusi mwenziwao wa asili ya Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 wawili hao wakasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwa mara ya kwanza mwenyeji wa Tanganyika alifika mwenyewe kwenye baraza ile kuishtaki serikali iliyokabidhiwa amana ya nchi yake. Azimio la kutaka ardhi irejeshwe halikupata theluthi mbili za kura katika Mkutano Mkuu, na ardhi haikurudi wakati ule. Je, walishindwa? Kirilo aliporudi alizunguka nchi akiwasimulia watu yaliyowapata, na mtu wa Tabora na wa Lindi akafahamu kuwa shamba namba 31 laweza kuwa lake kesho. Mwaka 1954 ikaundwa TANU. Mwezi wa Machi 1955 Julius Nyerere naye akasimama mbele ya baraza ile ile ya New York, njia ikiwa imekwisha fyekwa. Na mwaka 1961 bendera ikabadilishwa.

YANAYOTUPASA SISI

Ndugu wanachama, sikukusimulieni haya ili tuwalaumu waliokwisha kufa. Hesabu yao iko kwa Mola wao. Nimeyasimulia kwa sababu ardhi haikuacha kuuzwa, na wapima hawakuacha kuja.

Katika kisiwa chetu, sheria ya ardhi ya mwaka 1992 yasema kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya mamlaka ya Rais, nasi tuna haki ya kuitumia. Wapo miongoni mwetu wanaolima shamba lenye hati kongwe ya babu, wapo wanaolima zile ekari tatu walizopewa wazee wao baada ya mwaka 1964, na wapo waliokalia ardhi kwa urithi wa mdomo tu, hawana hata karatasi. Wengine wetu wameumizwa na mgao ule na wengine wamefaidika nao, na baraza hii ina watu wa namna zote mbili. Sikuja kufukua ugomvi wao. Nakuombeni mambo matatu yanayotufaa sote.

La kwanza: kila karatasi mnayoonyeshwa, ulizeni karatasi iliyo kabla yake. Mtu akija na hati ya kuwa amepewa ufuo wenu na fulani, muulizeni kwa adabu: na huyo fulani alipewa na nani, lini, na mbele ya mashahidi gani? Endeleeni kuuliza mpaka mfike kwa muuzaji wa kwanza. Wameru wangepata haki yao mapema kama mahakama moja tu ingekubali kuuliza swali hilo.

La pili: siku mpima anapokuja, msimwache apite peke yake. Wazee wa kibla na wa suheli, wa matlai na wa magharibi watoke waufuate mpaka kwa miguu, na vijana wawe nao, wajue mti gani ni alama na jiwe gani liliwekwa na nani. Wanawake wenye mashamba yao watoke vile vile. Wasisemewe na mashemeji. Asiyehudhuria kupimwa kwa shamba lake atakwenda kusomewa mpaka wake ofisini, na wakati huo alama zimekwisha kauka.

La tatu: andikeni, na mlichokiandika mkitunze. Mrithi asiyegawiwa kwa maandishi huacha ugomvi kwa wajukuu. Pangeni mirathi kwa kadhi, toeni nakala, moja ikae kwa mtu mwaminifu nje ya nyumba, maana moto na mchwa hawajui mwenye haki. Na penye dhulma, mchange kama walivyochanga watu wa Meru. Wao hawakumngoja tajiri mmoja awakomboe. Kila nyumba ilitoa kidogo, na kidogo kile kikamfikisha mtu wao New York.

Tena jambo hili nalisema kwa wenye duka wenzangu na kwa kila mwenye fedha za kununua. Msiwe wanunuzi wa ghasbu. Ukiletewa kiwanja kwa bei nafuu isiyo na maelezo, jua kuwa yupo mtu mahali analia. Faida hiyo haina baraka, na sheria ya Mwenyezi Mungu haitakuuliza ulilipa kiasi gani. Itakuuliza ulimlipa nani.

Mlima Meru ungali umesimama pale pale, na mto Ngare Nanyuki ungali unateremka na maji yake mekundu. Kaisari aliyetoa amri ya 1895 hana tena ufalme. Kampuni zilizonunua nchi kwa misalaba ya machifu zimekwisha funga daftari zao. Watu wa masale na migomba wangali wako. Walibaki kwa kuwa walijua kilicho chao, wakakitaja kwa jina lake, na wakakataa kuitwa wavamizi katika nyumba zao wenyewe.

Namuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa haki katika kuuza na kununua, atulinde na kudhulumu kabla ya kutulinda na kudhulumiwa, na awape wazee wetu uhai wa kutuonyesha mipaka yetu kabla hawajaondoka nayo.